Ngazi ya bwawa inapiga shoti, na nataka kufunga hita

Swali: Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Malindi, upande wa barabara ya Casuarina, yenye bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4 bustanini. Miezi ya kusi wageni wanalalamika maji ni baridi, na mdogo wangu anayeishi Italia ameniletea hita ya umeme ya kilowati 9. Fundi wetu anataka kuvuta waya kutoka jikoni, kama mita 35, aupitishe juu ya ukuta na chini ya makuti ya banda. Naomba kujua waya wa unene gani utatosha. Tena, juzi mgeni mmoja alisema mkono ulimsisimka aliposhika ngazi ya chuma akiwa majini. Fundi aligusa ngazi kwa testa, taa haikuwaka, akasema hakuna stima. Je, hilo lina uhusiano wowote na hita?

Jibu: Dada yangu, umeuliza la waya kwanza na la ngazi mwisho. Mimi naanza na ngazi, maana hiyo haingoji.

Kuanzia sasa hivi mtu yeyote asiingie kwenye bwawa hilo, wala asishike ngazi, wala asitie mkono majini kujaribu kama bado panasisimka. Zima breka za pampu na za taa za bwawa, zifunge kwa teipu na uandike juu yake kwamba zisiwashwe. Waambie wafanyakazi wote, hasa yule anayesafisha bwawa asubuhi kabla hujaamka. Hata baada ya kuzima, bwawa libaki limefungwa mpaka lipimwe, kwa sababu stima hiyo huenda haitoki kwenye pampu wala taa zako. Nitalieleza hilo hapa chini.

Testa ya bisibisi haikumdanganya fundi wako. Imeulizwa jambo isiloliweza. Kitaa chake hakiwaki mpaka volti zifike karibu 60 au zaidi, tena kinategemea mkono wa anayeishika. Mtu aliyelowa, aliyezama mpaka kifuani, huhisi volti chache sana kuliko hizo. Ngozi kavu huzuia stima kwa kiasi kikubwa. Ikilowa maji ya bwawa yenye klorini au chumvi, kizuizi hicho karibu kinakwisha. Miliampea 10 hivi zinatosha kuukaza mkono mtu ashindwe kuachia chuma alichoshika. Zikizidi 30 na kudumu, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Na majini kuna hatari ambayo nchi kavu haipo: stima ndogo isiyoua yenyewe inaweza kukaza misuli ya muogeleaji mpaka akashindwa kuelea, akazama kimya huku walioko kando wakidhani anapiga mbizi. Mgeni wako aliyesema mkono umemsisimka amekufanyia hisani kubwa kwa kulitaja.

Sasa, stima hiyo inatoka wapi? Mwili hupigwa pale unapogusa vitu viwili vyenye volti tofauti kwa wakati mmoja. Hapa vitu hivyo ni ngazi na maji, au ngazi na sakafu yenye maji. Mshukiwa wa kwanza ni taa za ndani ya bwawa, hasa kama ni za volti 240 na maji yameshaingia ndani ya kioo. Wa pili ni mota ya pampu ambayo nyaya zake za ndani zimeanza kuvujisha stima huku waya wa arthi, ule wa kijani na manjano, umekatika au haukuwahi kufungwa. Wa tatu ndiye anayewasumbua mafundi wengi: waya wa arthi wenyewe ndio unaoleta volti. Katika mitaa mingine arthi ya nyumba imeungwa na nyutro, yaani waya unaorudisha stima, ya laini ya umeme pale inapoingia nyumbani. Nyutro hiyo ikilegea au ikikatika huko barabarani, kila chuma kilichofungwa kwenye arthi ya nyumba yako kinapanda volti, pamoja na ngazi. Ndani ya nyumba huenda usihisi kitu, maana umevaa viatu na sakafu ni kavu. Bwawani utahisi.

Kwa hiyo ita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na mita ya kupimia volti. Apime kati ya ngazi na maji, kila kitu kikiwa kimewashwa, na mtu yeyote asiwe karibu. Kwenye mita yake aunge rezista ya omu 1,000 sambamba, kwa sababu mita za kisasa huonyesha volti za bure ambazo hazina nguvu yoyote nyuma yake. Rezista hiyo inaondoa volti za bure na kuacha zile za kweli. Kisha azime kimoja kimoja: taa, pampu, halafu swichi kuu ya nyumba nzima. Volti zikiondoka alipozima taa, mwizi ameshikwa. Zikibaki hata swichi kuu ikiwa imezimwa, shida inatoka nje, na hapo mnapiga ripoti Kenya Power na kuwaeleza waziwazi kuwa kuna volti kwenye arthi. Msikubali kuambiwa msubiri huku bwawa likiendelea kutumika.

Bwawa halijali sana unene wa waya kama linavyojali kitu kimoja: kila chuma unachoweza kukigusa ukiwa majini au umelowa kiwe kwenye volti moja na kingine. Ndiyo maana ngazi, vishikio vya pembeni, nondo za zege la bwawa na za sakafu inayolizunguka, bodi ya pampu, bodi ya hita na bomba lolote la chuma huungwa pamoja kwa waya wa shaba. Waya huo usiwe chini ya milimita 4 za mraba, na karibu na bahari mimi huweka wa 10, kwa sababu hewa ya chumvi inaula. Tumia vibanio vya shaba nyeupe au vya chuma kisichoshika kutu. Kibanio cha chuma cha kawaida kwenye waya wa shaba, hapa pwani, kinakuwa unga wa kahawia kabla hujasahau siku kilipofungwa, na ukikitazama kwa juu juu kinaonekana bado kimeshika. Kivute kwa mkono. Kikizunguka, hakuna muungano pale.

Mwambie fundi afungue sanduku la breka lililoko chumba cha pampu, umeme ukiwa umezimwa kutoka nyumbani, amulike tochi kwenye skrubu zinazoshika nyaya. Ukiona unga wa kijani-buluu kwenye shaba na ganda la waya limekauka na kupasuka karibu na skrubu, uliza klorini inawekwa wapi. Mara nyingi ndoo iko hapo hapo chini ya sanduku, kifuniko kimefunguka nusu. Mvuke wa klorini na chumvi ya baharini vinakula shaba. Muungano unalegea, unapata joto, na siku moja unawaka. Hamisha klorini kwenye chumba chake chenye hewa. Hili halikugharimu chochote na unaweza kulifanya leo.

Kuhusu arthi yenyewe: ikiwa vipimo vitaonyesha kuwa arthi ya nyumba imeungwa na nyutro ya barabarani, napendelea bwawa liwe na arthi yake, yaani rodi za shaba zilizopigiliwa hapo bustanini, zisizounganishwa na arthi ya nyumba. Ardhi ya Malindi inasumbua hapa. Juu kuna mchanga mkavu, chini kuna mwamba wa matumbawe, na miezi ya kaskazi mchanga ule unakauka kabisa. Rodi moja fupi inaweza kupima vizuri mwezi wa Mei baada ya mvua za masika, kisha mwezi wa Februari ikawa kama haipo. Pigilia rodi zinazoungana ncha kwa ncha mpaka kwenye mchanga wenye unyevu, au weka kadhaa kwa umbali na uziunge pamoja, na upimaji ufanywe kwa mita ya arthi. Namba iwe chini ya omu 200, na ikiwezekana chini sana ya hapo. Na tafadhali wasimwage chumvi na makaa kwenye shimo la rodi. Najua ni desturi ya mafundi wengi. Namba inashuka siku hiyo, kisha mvua inasomba chumvi na iliyobaki inaila rodi.

Juu ya yote hayo kunahitajika kifaa kinachokata stima ikivuja, kile mafundi wanakiita RCCB, cha miliampea 30. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, haimjui mtu. Stima inayotosha kuua haifikii hata sehemu ndogo ya kile kinachoiangusha breka ya ampea 32. RCCB ya miliampea 30 yenyewe hukata ndani ya thuluthi ya sekunde uvujaji ukifika 30, na ndani ya sehemu 40 za elfu za sekunde ukifika 150. Pampu iwe na yake, hita iwe na yake, ili moja ikianguka ujue pa kutazama. Bonyeza kitufe cha T kila mwezi. Isipoanguka, itolewe. Ikianguka mara kwa mara, asije mtu akairuka kwa kipande cha waya ili wageni waogelee, inakuambia jambo. Lakini usiitegemee peke yake: volti inayoingia kwa njia ya waya wa arthi haipiti ndani ya RCCB, kwa hiyo haiwezi kuikata. Ndiyo sababu nimeanza na kuunganisha vyuma.

Umbali nao una kanuni zake. Ndani ya maji hakuruhusiwi kitu chochote cha stima kinachozidi volti 12 za kawaida, na transfoma inayozishusha iwe ile ya usalama inayotenganisha kabisa pande mbili, tena ikae mbali na bwawa. Kutoka ukingoni mpaka mita 2, na kwenda juu mita 2.5, ndipo mtu aliyelowa anapofika kwa mkono. Usiweke soketi wala swichi hapo. Mita 1.5 nyingine zinazofuata bado ni za tahadhari. Kwa hiyo weka pampu, hita na sanduku la breka zaidi ya mita 3.5 kutoka ukingoni na utakuwa umejiondolea maswali mengi. Kama taa zako za sasa ni za volti 240, zitolewe zote, hata zile ambazo hazijaleta shida.

Sasa waya. Hita ya kilowati 9 kwa volti 240 inavuta ampea 37 na nusu. Soketi ya jikoni imetengenezwa kwa ampea 13, na waya wa milimita 2.5 ulio nyuma yake, ukiuvuta mita 35, utapoteza karibu volti 24 njiani, yaani asilimia 10, na yote hiyo inageuka joto ndani ya waya. Halafu fundi anataka kuupitisha chini ya makuti! Dada, makuti makavu yakishika moto hayazimiki kwa ndoo, na upepo wa kusi unauhamishia moto banda la pili kabla ya watu kupata viatu. Hapana kabisa. Kwa hita hiyo ungehitaji waya wa milimita 10, ambao kwa umbali huo unapoteza chini ya volti 6, kutoka kwenye breka yake yenyewe kwenye sanduku kuu, haupiti jikoni hata kidogo.

Uwe ni kebo ya deraya, ile iliyozungushiwa nyuzi za chuma chini ya ganda la nje, ifukiwe kina cha sentimita 60 juu ya tandiko la mchanga laini. Vipande vya matumbawe vina makali. Usirudishe vile vilivyochimbwa moja kwa moja juu ya kebo. Nusu ya kina weka utepe wa onyo, maana mtunza bustani wa miaka mitano ijayo hatajua kuna nini chini ya mche wa bougainvillea. Kusiwe na muungano wowote ardhini. Na kama bwawa limepewa arthi yake, deraya ya kebo ifungwe kwenye arthi upande wa nyumba tu. Upande wa bwawa iishie kwenye sanduku la plastiki bila kugusa chuma chochote. Fundi akiifunga pande zote mbili kwa mazoea, atakuwa ameirudisha ile arthi ya nyumba bwawani kwa mlango wa nyuma.

Lakini ngoja kwanza, kabla hujanunua kebo ya milimita 10. Soma kibati kilicho ubavuni mwa hita. Hita nyingi za ukubwa huo kutoka Ulaya ni za laini tatu, volti 400. Kama nyumba yako ina laini moja, haiwezi kufungwa hivi hivi. Baadhi zina mchoro wa kuzigeuza, nyingine hazina. Hata ikigeuzwa, jumlisha: ampea 37 za hita, na kila shawa ya kuchemsha maji papo hapo inakula kilowati 5 au zaidi, yaani ampea 20 na kitu. Wageni wawili wakioga jioni hita ikiwa imewashwa, breka kuu inaanguka, au mbaya zaidi haianguki na skrubu za mita zinaanza kuungua.

Na hesabu ya joto yenyewe ikoje? Tukichukua kina cha wastani cha mita 1.4, bwawa lako lina maji lita 45,000 hivi. Kuyapandisha nyuzi 1 kunahitaji uniti 52. Nyuzi 3 ni uniti 157, na hita ya kilowati 9 itachukua saa 17 mfululizo kuzitoa. Zidisha uniti hizo kwa bei unayolipa kwenye tokeni uone. Kisha usiku upepo unapita juu ya maji. Kila lita inayogeuka mvuke inaondoka na karibu theluthi mbili za uniti. Bwawa lako likishuka milimita 5 kwa mvuke, hizo ni lita 160, uniti zaidi ya 100. Nyuzi 2 ulizolipia zimekwenda na upepo. Mabwawa ya Malindi yanapozwa zaidi na upepo wa Juni mpaka Agosti unaokausha maji kuliko na hewa yenyewe, ambayo hata miezi hiyo ni ya vuguvugu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni turubai la bwawa, lile lenye viputo vya hewa linaloelea juu ya maji, na lifunikwe kila jioni. Halina waya hata mmoja. Wageni wako wengine huenda wasiulize tena habari ya baridi. Likiwa halitoshi, tafuta pampu ya joto badala ya hita. Hiyo haitengenezi joto kwa kuchoma stima. Inalichota kutoka kwenye hewa na kulihamishia majini, na kwa hewa ya joto kama yetu uniti 1 ya stima inaweza kuleta uniti 5 za joto. Zile uniti 157 zinakuwa 31 hivi. Mashine inayotoa kilowati 12 za joto inavuta kilowati 2.4 tu, ampea 10. Pamoja na pampu ya kuzungusha maji ni ampea 15 au chini. Hapo kebo ya milimita 6 inatosha kwa nafasi, na shawa zako hazigombani na bwawa. Chagua yenye mirija ya ndani ya titani kama maji yako yana chumvi, na iwekwe mahali penye hewa, lakini isielekee moja kwa moja baharini. Yale yote niliyosema ya kuunganisha vyuma, RCCB na umbali yanabaki vile vile, kwani nayo ni chuma kinachogusana na maji. Kama una paa la zege au mabati lenye jua, mikeka myeusi ya kupasha maji kwa jua nayo inafanya kazi nzuri, na stima yake ni ya pampu tu.

Kama una inveta au jenereta ya kukatika kwa umeme, mwambie fundi apime RCCB tena ikiwa inatumia hiyo. Mashine nyingi za namna hiyo hazina muungano wa nyutro na arthi, na RCCB iliyokuwa nzima kwa stima ya Kenya Power inaweza kukaa tu bila kukata.

Wafundishe wafanyakazi jambo hili na walifanyie mazoezi: mtu akionekana anakakamaa majini, hakuna kuruka kumfuata. Anayeruka anakuwa wa pili. Kwanza swichi ya bwawa izimwe, na iwe mahali panapofikika kwa mbio, inayokata nyaya zote mbili, yenye alama nyekundu. Kisha avutwe kwa mti mkavu au kwa boya la kamba. Ile fimbo ndefu ya kusafishia bwawa ni ya alumini, isitumike kabla stima haijazimwa.

Fundi wako usimfukuze kwa sababu ya testa. Kama ana leseni ya daraja linaloruhusu kazi hii, mwonyeshe jibu hili mfanye pamoja. Kama hana, amsaidie aliye nayo kuchimba na kuvuta kebo, na huyo mwenye leseni ndiye apime na kukuandikia hati ya kukamilisha kazi yenye namba alizozipata. Hita mwambie mdogo wako aibadilishe na pampu ya joto ikiwezekana, au aiuze huko huko.

Vipimo vikishafanyika, niandikie namba tatu: volti kati ya ngazi na maji swichi kuu ikiwa imewashwa, volti hizo hizo ikiwa imezimwa, na omu za rodi. Kwa hizo nitaweza kukuambia kama bwawa linahitaji arthi yake au la.